Lakteti ya Awuor na Wiki ya Mboga

Sauti ya kwanza iliyonishtua ilikuwa ya tumbo. Nilikuwa nimeinama kando ya msichana aliyeketi kwenye benchi pembeni mwa uwanja, pamba mkononi, nikisubiri tone la damu lijae kwenye ndewe ya sikio lake. Uwanja ulikuwa umetulia, kwa sababu wakati wa kuchukua damu mimi hudai kimya. Tumbo lake likanguruma. Halikuwa lile guno dogo la mtu aliyechelewa kunywa chai. Ulikuwa mngurumo mrefu, mzito, kama meza inayoburutwa sakafuni katika chumba cha jirani. Kocha, aliyesimama nyuma yangu, akacheka.

"Awuor, hiyo ni simba umemeza?"

Msichana akainamisha uso. "Pole, Kocha."

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula, Madam."

Tone lilikuwa limejaa. Nikaligusisha kwenye stripu ya kupimia, mashine ikaanza kuhesabu, nami nikaendelea na kazi.

Nimestaafu juzijuzi tu. Ninyi mnaobaki na mashine zangu mliniomba niandike niliyojifunza, na nadhani mlitarajia mawaidha kuhusu usafi wa meza na utunzaji wa betri. Hayo nitayaandika. Nimeanza na tumbo la Awuor kwa sababu najijua: nikianzia kwingine, nitapata sababu nzuri, iliyopangwa vizuri, ya kutolifikia.

Nilianza kazi katika maabara ya hospitali, si uwanjani. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Madam Zaituni, aliyekuwa mkuu wa maabara ile, akanitazama kuanzia kola hadi viatu, akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kuolewa. Alikuwa Mwislamu wa hapa mjini Kisumu, mwenye Kiswahili kilichonyooka na Kidholuo kilichonyooka zaidi, na alikuwa na desturi ya kumsahihisha mtu bila kuinua macho kutoka kwenye darubini. Kwake nilijifunza kwamba tone la kwanza la damu hufutwa na kutupwa, na la pili ndilo hupimwa. Nilijifunza pia kutokamua kidole cha mtu. "Unakamua kama nyanya," alinigombeza. "Hayo ni maji ya nyama. Mgonjwa alikuja kupimwa damu." Kabla ya kulaumu mashine, alinifundisha, muulize aliyeketi mbele yako amekuja na nini mwilini: amelala vipi, ametembea kutoka wapi, amekula nini.

Miaka mingi baadaye chuo kimoja cha hapa kilianzisha kitengo cha kupima wanariadha, nami nikahamia huko nikiwa na masikio ya hospitali na macho ya mgeni. Mashine ya lakteti ilikuwa ndogo kuliko simu. Sikuiheshimu mwanzoni, nilizoea mitambo inayonguruma na kuchukua nusu ya chumba. Ikabidi nijifunze upya. Mtu anapokimbia kwa nguvu zake zote, misuli huvunja sukari iliyohifadhiwa ndani yake kwa kasi kubwa, na lakteti humwagika kwenye damu. Kwa mkimbiaji wa mbio fupi tunapima akiwa ametulia, kisha akishamaliza mbio, kisha tena na tena mpaka namba ifike kileleni na kuanza kushuka. Kocha hupenda namba ile ya kilele. Ikiwa juu, husema injini ni kubwa na imefunguliwa yote. Ikiwa chini, husema injini hakuna, au ipo lakini mwenyewe anaionea huruma.

Ugumu ni kwamba kuna njia nyingi za kuipata namba ile isivyo sahihi, na nyingi kati yake hazina uhusiano wowote na injini. Jasho lina lakteti yake, nyingi kuliko ya damu ya mtu aliyetulia. Usipolifuta na kukausha ngozi kabla ya kudunga, unapima jasho. Katika joto letu la ziwani, jasho hurudi kabla hujafunga kopo la pamba, kwa hiyo fanya kazi upesi. Stripu hazipendi gari lililofungwa madirisha na kuegeshwa juani. Niliwahi kupoteza kazi ya asubuhi nzima kwa kosa hilo, nikarudi kimya na boksi la stripu mapajani. Kuna siku kijana mmoja alionyesha namba kubwa ya kutisha kabla hata hajakimbia, kocha akataka apelekwe hospitali. Baada ya kuhojiwa kijana akasema kwamba alichelewa kuamka, basi akatoka mtaa wa Mamboleo mbio mpaka uwanjani, ila hakutaja kwa sababu hiyo haikuwa mbio, ilikuwa kuchelewa.

Na kuna chakula. Misuli isiyo na akiba ya sukari haina cha kuvunja. Mkimbiaji aliyekaa siku kadhaa bila ugali, bila viazi, bila mkate, na huku akiendelea na mazoezi, anaweza kukimbia mpaka macho yakatoka, na lakteti yake bado ikabaki chini. Namba itakuwa ya kweli. Kitakachokuwa cha uongo ni maelezo tutakayoyapachika juu yake.

Jambo hili sikulisoma kitabuni kwanza. Nilionyeshwa na mkimbiaji wetu mmoja, Abdalla, aliyekuja kupimwa mwezi wa Ramadhani, akatuambia waziwazi kwamba amefunga. Tukaahirisha kipimo chake, akacheka, akasema, "Madam, damu yangu mtaikuta baada ya Idi." Tangu siku hiyo kitengo chetu kikawa na swali la ziada kabla ya kipimo: umefunga? Tulijisifu kwa swali hilo. Tuliona tumekuwa watu wa mji wenye dini mbili.

Sasa naomba msome taratibu. Swali lile tuliwauliza Waislamu peke yao. Hakuna aliyeamua hivyo, ilitokea tu. Tulisikia jina, tukauliza. Tuliposikia jina lingine, tuliuliza "Umekula?" na tukaridhika na jibu lolote. Mimi ni Mkristo. Mimi mwenyewe hufunga kabla ya jambo zito, na nikifunga simwambii mtu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: nawa uso, jipake mafuta, nenda kazini kama siku nyingine. Nimelifikiria hili kwa kila upande na kila mara nafika palepale. Nilijua kabisa kwamba watu wa kwetu hufunga kwa siri, na nikatengeneza utaratibu unaomsubiri mtu ajitangaze.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilijiandikisha kwa shahada ya uzamili. Mlinzi wa lango la kitivo alinielekeza kila wiki, kwa heshima kubwa, mahali wazazi wanaposubiri. Niliendelea kumshukuru na kupita. Mada yangu, na hapa ndipo nashindwa kuinua uso, ilikuwa namna mlo na hali ya mtu kabla ya kipimo zinavyobadilisha lakteti katika mbio fupi. Sura ya pili yote ni hiyo. Msimamizi wangu, Daktari Okumu, ambaye pia aliongoza kamati ya kuchagua wakimbiaji, aliisifu kwa kuwa haikuacha kitu.

Awuor aliletwa kwetu akiwa katika mwaka ambao msichana wa mbio fupi huonekana au hupotea. Kulikuwa na kambi ya mazoezi iliyofungamana na shule ya bweni, na upande wa wasichana ilibaki nafasi moja. Atakayeipata angesoma na kukimbia chini ya uangalizi mmoja. Atakayeikosa angerudi nyumbani na kukimbia barabarani ikiwa atapata muda. Awuor alikuwa wa Nyamasaria, mrefu, mpole kupita kiasi, na alikuwa na mwanzo wa mbio ulionifanya niache kalamu kila mara. Kipimo kile cha asubuhi ndicho kingeamua.

Alikimbia. Muda wake haukuwa bora wake, lakini haukuwa mbali nao. Alipomaliza alipiga magoti, akatapika maji matupu, akaomba radhi kwa kuchafua uwanja. Kisha tukapima, na lakteti ikawa chini. Tukasubiri, tukapima tena, ikawa bado chini. Kocha akaikodolea macho ile mashine kama mtu aliyetukanwa.

"Rudia hiyo, Madam."

"Nimerudia."

"Basi tumeona." Akamgeukia Awuor, ambaye alikuwa bado amekaa na pamba sikioni. "Wewe unajihurumia. Mbio ya maisha yako, na bado unajihurumia. Damu yako imekusema."

"Kocha, nilitoa yote."

"Damu imesema hapana. Utabishana na damu?"

Hakubishana na damu. Akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye mashine. Nilikuwa nimelisikia tumbo lile. Nilikuwa nimeyaona yale maji matupu. Nilikuwa na sura nzima ya tasnifu kichwani. Nikainama nikaanza kupanga stripu kwenye boksi, ingawa zilikuwa zimeshapangwa.

Nafasi ikaachwa wazi hadi kamati ipate msichana mwingine.

Haya yangetosha kunifedhehesha, lakini bado hayajafika mwisho. Wiki chache baadaye nilikuwa natengeneza michoro ya tasnifu, na namba ya Awuor ikakaa peke yake chini, mbali na wenzake, ikiharibu mstari wangu. Nikaiondoa. Niliandika sababu kwa lugha safi: hali ya mlo wa mshiriki kabla ya kipimo haikuthibitishwa, kwa hiyo matokeo hayawezi kutegemewa. Daktari Okumu akasoma, akasema huo ndio uangalifu anaoutaka. Nikafurahi. Nilifurahi kwa siku kadhaa kabla sijaelewa nilichokuwa nimefanya. Kwa ajili ya shahada yangu, namba ile haikufaa hata kuchorwa. Kwa ajili ya maisha ya Awuor niliiacha isimame, na hukumu ikasimama juu yake. Namba moja, mkono mmoja, mizani mbili.

Nilijitetea, bila shaka. Mimi ni hodari wa kujitetea. Nilijiambia kwamba tumbo hunguruma hata kwa aliyeshiba, jambo ambalo ni kweli. Nilijiambia alisema amekula, na mtafiti hana ruhusa ya kumwita mshiriki mwongo. Nilijiambia kocha ana jicho la miaka mingi. Tasnifu ikapita, shahada ikaja, wenzangu wakaanza kupanga sherehe ya kuniaga.

Siku moja nilishuka Mamboleo kununua mboga. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua apoth, ile mboga ya mrenda, juu ya gunia akaniinulia uso, akatabasamu kwa meno yote.

"Si ni wewe Madam wa damu?"

Nikamwambia ni mimi.

"Mimi mama yake Awuor! Mlimpima huyo msichana wangu. Mimi nilikuwa nje ya fensi, nikikuona tu ukimshika masikio." Akaifuta mikono kwenye leso, akanishika yote miwili. "Asante kwa kumjaribu. Si kila mtu anajaribiwa."

Nikamuuliza Awuor yuko wapi.

"Yuko nyumba. Mazoezi ameacha. Anasema Kocha aliona kitu yeye mwenyewe hakujua. Ati pengine alijihurumia na hakusikia." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mimi nilimwambia, mtoto, labda Mungu, Nyasaye mwenyewe, alifunga hiyo mlango. Kwa sababu maombi, hiyo hatukubania. Wamama wote wa kanisa tulifungia yeye wiki nzima."

"Mlifunga?"

"Ile ya Danieli. Mboga na maji. Hakuna ugali, hakuna mkate, hata sukari kwa chai hakuna. Na yeye alifunga na sisi, hakuruka hata siku moja. Asubuhi ya kukimbia hata maji alionja tu. Pasta alisema tusitangaze, tusifanye kama wale wa kujionyesha. Ndiyo tukanyamaza."

Nilisimama pale na mfuko wangu mtupu. Wiki nzima ya majani na maji, huku msichana akienda mazoezini kila jioni, halafu mimi namwuliza kama amekula, naye ananijibu ndiyo, akihesabu majani ya jana yake. Walikuwa wameinyima misuli yake chakula ili ashinde kipimo changu. Walifanya hivyo kwa upendo wote walio nao. Na hakuna mtu kitengoni aliyewahi kumwambia mama yule kwamba kabla ya kipimo mtoto ale vipi, kwa sababu tulidhani hilo ni swali la watu wa Abdalla.

"Madam, mbona umenyamaza? Mboga ni safi." Akanifungia, kisha akaniongezea fungu la osuga, yaani mnavu, ambalo sikuliomba. Nikalipokea. Sikumwambia kitu.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Okumu. Sikwenda. Nilifikiri kwanza. Nikisema kwamba msichana alikuwa amefunga, je, kamati itamlaumu mama? Nikisema kipimo kilikuwa kibovu bila kutaja mfungo, je, huo si uongo mwingine? Nikingoja mpaka nistaafu, je, itaonekana nimengoja mpaka nistaafu? Nilifikiri hivyo mpaka sherehe ikafanyika. Mlinipa saa ya ukutani na mkasema maneno mazuri kuhusu umakini wangu, na Kocha akasimama akasema kwamba Madam haachi kitu. Watu wakapiga makofi. Nilikula keki ile kama ninayetafuna pamba.

Kesho yake nilimfuata Daktari Okumu ofisini, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: tumbo, maji matupu, swali tulilouliza vibaya, namba niliyoiondoa kwenye tasnifu na kuiacha kwenye hukumu, mboga na maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Mbona hukusema siku ileile?"

Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa marefu. Nikasema sijui.

"Nafasi bado ipo. Shule hazijafunguliwa," akasema. "Mlete wiki ijayo, tupime upya. Ila ale. Na mama yake umwambie wewe, si mimi."

Ikawa rahisi hivyo. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko karipio lolote: mlango niliouogopa muda wote ule haukuwa hata umefungwa.

Kwa hiyo, wenzangu, badilisheni swali. Kila anayeketi kwenye benchi lile, awe na jina gani, mwulizeni alikula nini jana na juzi na wiki ile nzima, chakula kwa chakula, na mwulizeni kama kuna watu wanaomwombea. Ulizeni kwa upole, kwa sababu kuna watakaoona aibu kujibu, na semeni mapema, wakiwa bado nyumbani, wanapaswa kuja vipi. Mkisikia mwili wa mtu unasema jambo ambalo mdomo wake haukusema, simamisheni kazi. Mashine itasubiri.

Mama yake Awuor nilimpigia jana. Nilikuwa nimekaa jikoni kwangu Migosi, simu mezani, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama utetezi wa tasnifu. Aliitika mara ya kwanza tu.

"Madam wa damu! Osuga uliipika aje?"

Nikamwambia iliiva vizuri. Nikamwambia kuna kipimo kingine, na nafasi bado iko wazi.

"Nyasaye!" Nikamsikia akipiga makofi. "Leo hii naambia wamama. Tunaanza kufunga kesho."

"Hapana, Mama. Ndiyo sababu napiga simu." Maneno niliyoyapanga yakanitoka yote kichwani. "Nyinyi mkitaka fungeni. Awuor ale. Ale ugali, ale viazi, ale kila siku, mchana na jioni. Mwili wa kukimbia unahitaji hicho. Mara ile haukuwa nacho."

Nilisikia mtu upande wake akiuliza bei ya mboga, na hakujibiwa.

"Kwa hivyo ni sisi," akasema.

"Si nyinyi. Ilikuwa kazi yangu kuuliza, na sikuuliza. Nilikuwa na kila sababu ya kujua kwamba kipimo kile hakifai. Nikanyamaza, Mama, na nikaendelea kunyamaza hata mbele yako."

Hakuniambia si kitu. Namshukuru kwa hilo. Alivuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya hasira wala ya msamaha, "Yeye yuko hapa. Hiyo mwambie mwenyewe."

Simu ikabadilisha mikono. "Haloo, Madam," akasema Awuor.

Nikamwambia. Nilimweleza habari za sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli, na kwamba namba yake ilikuwa namba ya mtu aliyekuwa na njaa, na kwamba nililijua hilo kabla ya wengine wote. Alisikiliza bila kunikatiza, kama wanavyosikiliza watoto waliolelewa vizuri, mpaka nikaishiwa.

"Madam, kwa hivyo siku ile sikujihurumia?"

"Hukujihurumia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Awuor."

Nikamsikia akigeuka, simu ingali sikioni, akimwambia mama yake kwa Kidholuo, polepole, kama mtu anayelijaribu neno kabla ya kuliamini: "Mama, siku ile nilikimbia."